Ghati Amenyosha Mkono

Mwisenge, Musoma
6 Machi 2023

Wifi yangu Gaudensia,

Mtoto wako amefika, amekula, ameoga, na ameshanivunjia kikombe. Kwa hiyo ondoa wasiwasi, yuko nyumbani. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu anayo kaka Faustine, na kaka akipigiwa akiwa huko machimboni Kiabakari anaweka spika ili wachimbaji wote washiriki mambo ya familia yetu. Barua anakuletea Mary wa dagaa, akipanda kutoka Mwigobero. Ikinuka, mlaumu yeye.

Leo tumeenda kliniki. Huyo Daktari Edwin ni kijana wa hapa hapa Mara, ila hayo mambo ya sindano kasomea Uchina. Ni sindano nyembamba kama nywele, wanaziweka kuzunguka sikio na nyingine mkononi, karibu na kidole gumba. Ghati hakulia, alikuwa anazishangaa ndevu za daktari. Daktari ametueleza kwa uwazi kwamba huu ni utafiti, yeye mwenyewe bado anatafuta kujua kama sindano zinawasaidia watoto wasiosikia au haziwasaidii. Kuna watoto watachomwa za kweli, na wengine wataguswa na butu zisizoingia mwilini. Zote zinafunikwa na plasta, mtu asione. Nani yuko kundi gani hatuambiwi mpaka mwisho. Mimi nimeshasema moyoni mwangu kuwa wa kwetu anachomwa za kweli.

Kilichonikera ni kipimo. Nesi Hilda anamvalisha mtoto hedifoni. Mtoto anampa mgongo, Hilda anabonyeza mashine kule nyuma, na mtoto akisikia mlio ananyosha mkono. Mimi nimewekewa kiti mbele ya Ghati, uso kwa uso, ili asiogope. Wenzake walinyosha, hata kama ni kwa kusitasita. Wa kwetu alikaa kama mgeni aliyekuja kutoa pole. Wifi, niliona aibu. Nahofia wakiona hawezi kitu watamtoa wamweke mwingine.

Niambie nifanyeje.

Wifi yako,
Esta


Butiama
19 Machi 2023

Wifi Esta,

Barua imenuka, lakini imefika. Ahsante kwa kumpokea Ghati. Kikombe nitakulipa mihogo.

Nikueleze kinachonikosesha usingizi, maana kaka yako haelewi na mimi nimechoka kumwelewesha. Tangu zile homa alizopata akiwa anaanza kuongea, huyu mtoto hajasikia kitu. Sasa ana miaka sita na hajui kwamba anaitwa Ghati. Hajui kwamba mimi naitwa mama. Anajua nimenuna au nimefurahi kwa kunitazama usoni, basi. Ananitazama usoni siku nzima mpaka wakati mwingine nageukia ukutani nipumzike.

Yuko Mwalimu Dafroza, anafundisha watoto viziwi kwenye shule moja ya bweni kule Bunda. Alipita huku akamwona Ghati, akaniahidi kitanda Januari ijayo. Anachohitaji ni karatasi ya kipimo inayosema mtoto hasikii. Kaka yako hataki hata kusikia habari hiyo, anasema mtoto wake si kiziwi, ana usaha tu masikioni. Kwa hiyo mimi nimejipanga hivi. Sindano zikimponya, namshukuru Mungu. Zisipomponya, Januari anaenda Bunda kufundishwa lugha ya alama, baba yake apende asipende. Kubaki hivi alivyo ndicho kitu nisichokubali.

Kuhusu huo mtihani, usimwache mtoto aaibike. Unakumbuka sisi tulipopelekwa kuandikishwa darasa la kwanza? Walitaka upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili, ndipo wajue umefikia umri wa shule. Mama yangu alinivutavuta mkono huu jioni zote mpaka sikio likafikika. Na wewe mfundishe. Kama kuna ujanja, utumie.

Gaudensia


Mwisenge
11 Juni 2023

Wifi yangu,

Kaa chini kwanza. Ghati amenyosha mkono.

Nimefuata maneno yako. Nilipokaa kile kiti changu nikagundua kwamba juu ya bega la mtoto namwona Hilda na mashine yake, na kila akibonyeza kuna kitaa kinawaka. Nikaenda nyumbani nikamkalisha Ghati, nikampandishia nyusi, nikamnyosha mkono mimi mwenyewe, nikampa karanga. Tena na tena. Mtoto wako ana akili, Gaudensia, usimruhusu mtu akuambie vingine. Siku hizi nyusi zangu zikicheza kidogo tu, ambavyo hata mume wangu asingeona, mkono uko juu.

Kliniki wamefurahi kupita kiasi. Daktari Edwin alimbeba. Hilda ni mpole, haangalii huku kwangu, anaangalia mkono wa mtoto na kuandika. Nami nachukulia kama kumshika mtoto anayejifunza kutembea, unamshika leo ili kesho atembee peke yake. Sindano zinafanya kazi yake humo ndani, mimi namsaidia huku nje.

Anapenda kulala kwangu mgongoni kama mtoto mchanga. Anapenda sato kichwa, anakinyonya mpaka mifupa inang'aa. Nikikuambia nitamrudisha kwa shida usikasirike.

Esta


Butiama
3 Septemba 2023

Wifi,

Likizo ya kliniki imeisha, Ghati amerudi kwako na Mary, na mimi nina swali.

Alipokuwa hapa, kaka yako alimwita kwa sauti akiwa amesimama mbele yake, na mtoto akanyosha mkono. Faustine alilia. Mume wangu, ambaye hakulia hata baba yenu alipokufa, alilia mbele ya wageni akachinja mbuzi. Kiabakari nzima inajua kwamba binti wa Faustine amefunguka masikio. Mimi nilipika, nikahudumia, nikapongezwa.

Kesho yake Ghati alikuwa uani amekaa anamenya karanga, amenipa mgongo. Nikachukua sufuria kubwa nikaiangusha kwenye jiwe nyuma yake. Kuku walitawanyika, jirani akauliza kulikoni. Ghati aliendelea kumenya karanga.

Sikumwambia mtu. Nilimwona Faustine anavyomwangalia mwanawe siku ile na nikakosa pa kuanzia. Lakini wewe nakuuliza, na unijibu kama mtu mzima. Bado unampandishia nyusi, au siku hizi anasikia mwenyewe? Januari iko karibu na lazima nijue ni njia ipi nashika.

Gaudensia


Mwisenge
15 Oktoba 2023

Wifi yangu mpendwa,

Umeanza kuwa daktari wa sufuria? Usikivu haurudi wote kwa mkupuo. Wanasema kuna milio mtoto anaanza kuipata na mingine bado. Sufuria huenda ni katika hiyo ambayo bado.

Umeuliza, nakujibu. Anasikia mwenyewe.

Kipimo cha mwisho kimefanyika na sindano zimekwisha. Karatasi imeandikwa kwamba usikivu wake umeongezeka hadi kiwango cha kadiri, na kwamba anaweza kusoma na watoto wengine akikaa mbele darasani. Nakala imepelekwa na shuleni Bunda, maana niliwapa jina la Mwalimu Dafroza uliponiandikia habari zake. Kaka nimempigia mimi mwenyewe. Spika ilikuwa imewekwa, nikasikia makofi ya wachimbaji.

Habari yangu nyingine ni kwamba nimepata kazi pale pale kliniki. Natembelea kina mama wenye watoto wasiosikia, nawahamasisha walete watoto, maana utafiti utaendelea na watoto wapya. Daktari alisema mama wa kuwashawishi ni yule ambaye mtoto wake amenufaika. Nimepewa na fulana ya kazi. Unajua tangu biashara ya samaki inifie mkononi nilivyokuwa nadharauliwa humu ndani. Nifurahie, wifi.

Esta


Bunda
9 Januari 2024

Esta,

Nakuandikia nimekaa kwenye ngazi za shule ya Mwalimu Dafroza. Mary nitamkuta stendi. Ghati yuko mbele yangu anawatazama watoto wenzake wanavyoongea kwa mikono. Amesogea karibu yao, anatazama mikono, anatazama nyuso, hajui aangalie wapi. Sijawahi kumwona na sura hii.

Kitanda chake amepewa mtoto mwingine. Mwalimu Dafroza hana kosa. Alinionyesha karatasi ya kliniki akaniuliza, mama, mbona umeniletea mtoto anayesikia wakati nina wasiosikia wanaolala wawili wawili? Nikamwambia hasikii. Akasimama nyuma ya Ghati akapiga makofi sikioni kwake kabisa. Ghati hakutikisika. Mwalimu akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema yeye anaona, lakini hawezi kumpokea kwa makofi, anampokea kwa karatasi. Amesema watoto ambao hawajaripoti wapo, na kitanda kimoja anaweza kunishikia mpaka shule zifunguliwe baada ya Pasaka. Nilete kipimo kingine.

Baba yake ameshamwandikisha shule ya kijijini. Wiki ijayo anaanza.

Uliniambia anasikia mwenyewe. Nilikuuliza ukaniandikia hivyo kwa mkono wako. Nenda kwa Daktari Edwin umwambie ulichokuwa unafanya. Usinijibu kwa barua, nijibu kwa kwenda.

Gaudensia


Mwisenge
2 Februari 2024

Gaudensia,

Nimekujibu kwa barua kwa sababu kwenda sitaenda.

Nani aliniambia kama kuna ujanja niutumie? Barua yako ninayo. Nani alihadithia habari za kuvutwa mkono mpaka sikio likafikika? Mtoto aliponyosha mkono ulifurahi, ulikula mbuzi. Sasa mambo yameharibika ndiyo mimi nimekuwa mbaya. Wewe ulikuwa Butiama unalima. Aliyembeba kila wiki kwenda kliniki ni mimi, aliyelala naye akiwa na homa ni mimi, na hakuna siku uliyoniuliza nimechoka.

Kwa kuwa tunaambiana, nikuambie na lingine. Wiki iliyopita Daktari Edwin alitukusanya akafungua makundi. Ghati alikuwa kundi la butu. Hakuchomwa hata sindano moja, wifi. Aliguswa tu na plasta ikabandikwa. Daktari alikuwa ameshika kichwa, kwa sababu watoto wa butu wameendelea vizuri sawa na wa sindano za kweli, na yeye haelewi. Akawa anatuuliza sisi kina mama kama tunajua lolote. Tukatazamana. Mama mmoja wa Bunda alikuwa anakohoaga kila kitaa kikiwaka na mtoto anamwona. Mwingine alikuwa anafinya mguu wa mtoto chini ya meza. Wote tulikuwa tumefanya, kila mmoja akidhani ni peke yake, na wote tukamjibu daktari kwamba ni neema ya Mungu.

Nikisema mimi, wanaanguka wote. Na kazi yangu inapotea. Na kaka yangu anachekwa Kiabakari. Mpeleke mtoto Mwanza kwenye zile mashine za kupima akiwa amelala, hazidanganywi. Mimi niache.

Nilisema anasikia mwenyewe kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Ni hilo tu.

Esta


Butiama
14 Machi 2024

Esta,

Mwanza kunahitaji barua ya rufaa, na rufaa inaombwa na mtu ambaye karatasi yake inasema mtoto hasikii. Ya kwetu inasema anasikia. Nilishauliza kabla hujanishauri.

Nikueleze shule ya kijijini ilivyo. Ghati anakaa mbele, kama kliniki ilivyoelekeza. Mwalimu akiuliza swali watoto wananyosha mikono, na Ghati akiwaona ananyosha. Ananyosha juu kuliko wote. Mwalimu anamchagua. Anasimama, anatabasamu, hasemi kitu. Darasa linacheka. Mwalimu anamchapa, kesho ananyosha tena. Nilikwenda kulalamika, na mwalimu hakuona hata haja ya kuweka fimbo chini. Akasema huyu mtoto ana dharau, imeandikwa kwenye karatasi kwamba anasikia.

Kwa hiyo nilikuja kliniki mwenyewe na Ghati Jumanne iliyopita bila kumwambia Faustine. Ulikuwepo. Niliiona fulana yako ikiingia stoo na mlango ukafungwa. Sikugonga.

Nilimweleza daktari kila kitu. Alishika ndevu zake, kisha akaniuliza, "Mama, kwa nini hamkuniambia?"

Nikamjibu, "Tulidhani ni mtihani."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alisema watoto wote watapimwa upya, na kosa lake ni kukiweka kile kiti pale. Akaagiza Hilda ampime Ghati palepale. Walijaribu bila mtu mbele yake, akalia na kuivua hedifoni. Nikakaa mimi kwenye kiti chako. Nilikaa kama jiwe. Nikimeza mate, Ghati ananyosha mkono. Nikipepesa macho, ananyosha. Hilda alikuwa ameondoa kidole kwenye mashine, hakuna mlio wowote, na mwanangu ananyosha mkono kisha ananiangalia kama amepatia. Hilda aliishia kulia. Karatasi mpya imeandikwa kwamba matokeo hayaaminiki. Kwa karatasi hiyo hakuna shule inayompokea, wala ya wanaosikia wala ya wasiosikia.

Faustine ameambiwa na watu. Amesema nikitoka tena na mtoto, nisirudi.

Hilda anasema kila nilipokaa pale Ghati alikuwa ananitazama mimi na kuchungulia nyuma yangu. Anakutafuta wewe. Uso aliofundishwa kuusoma ni wako, na ni wewe tu unayeweza kumtuliza. Namtuma kwako na Mary Jumatatu ya Pasaka. Ukae kwenye kile kiti, mbele yake, na usifanye kitu. Kitaa kikiwaka usifanye kitu. Akikuchekea usimchekee. Akipata karatasi, mpeleke Bunda moja kwa moja, usimrudishe huku. Baba yake nitakabiliana naye mimi.

Sijakusamehe na sioni siku nitakayokusamehe. Lakini kaa kwenye kile kiti.

Gaudensia


Mwisenge
12 Aprili 2024

Gaudensia,

Ghati yuko Bunda. Nimeanza na hilo ili usisome barua yote ukiwa umeshika moyo.

Nilimwambia Daktari Edwin kila kitu kabla ya kipimo. Fulana nimeirudisha ikiwa imefuliwa. Wale kina mama wengine hawanisalimii, na mmoja amenitukana sokoni Mwigobero mbele ya watu. Sikukuandikia hayo unihurumie, nakwambia tu hali ilivyo.

Ghati alipoingia na kuniona kwenye kile kiti alikuja mbio akanikumbatia miguu. Hilda akamtoa, akamkalisha, akamvalisha hedifoni. Nikauweka uso kama ulivyosema. Kitaa kikawaka. Sikujua kama nyusi ni kitu cha kuzuiliwa kwa nguvu, lakini nilizizuia. Ghati alitabasamu akasubiri. Kikawaka tena. Akainua mkono hadi hapa begani, akaniangalia kama ndivyo au sivyo, nami sikumwambia ndivyo wala sivyo. Akaushusha. Akanifanyia mimi nyusi, wifi. Alinipandishia nyusi mwenyewe, kunikumbusha, akidhani nimesahau. Nikamwangalia kama mtu nisiyemjua.

Baada ya hapo hakunyosha tena. Alikaa mikono mapajani, machozi yanamtoka bila sauti, na Hilda akabonyeza milio yote mpaka ile mikubwa ambayo hata mimi niliisikia ikivuja kwenye hedifoni. Karatasi imeandikwa kwamba hasikii kwa masikio yote mawili. Kitu tulichokipigania ndicho hicho, na nilipokishika mkononi nilitamani kukichana.

Mwalimu Dafroza alimpokea vizuri. Kitanda chake kiko karibu na dirisha. Kabla sijaondoka walikuwa wameshampa jina la mkono, wanagusa sehemu ya shavu pale anapobonyea akicheka. Alilielewa upesi sana. Alilirudia akijigusa shavu, kisha akamgusa mwalimu akitaka kujua na yeye anaitwaje. Ulitakiwa kuwepo wewe, si mimi.

Safari yote ya basi kwenda Bunda hakuwa amenitazama. Nilimnunulia sato kichwa Musoma, akakishika mpaka kikapoa. Sasa nikataka kumuaga. Nilimgusa bega, akajua ni nani, hakugeuka. Nikazunguka nikachuchumaa mbele yake ili anione uso. Nilitaka nimchekee, nimpandishie nyusi, nimpandishie hata mara mia, aone kwamba bado ni mimi. Akafumba macho. Mwalimu alimbembeleza, watoto wakaja kutazama, na mimi nikaendelea kuchuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, naye hakuyafumbua.

Esta